Mpaka Umepita Kwenye Kamba ya Nguo

Jumatatu, 3 Machi

Wifi amenipa daftari. "Andika humo hasira zako, wifi yangu, maana ukiendelea kutumwagia sisi tutahama wote." Ati yeye ni mkunga, kila mjamzito anayeingia kliniki anaandikwa, na mtu akishaandikwa hutulia. Mimi sina mimba, nina mama mkwe. Lakini daftari lina jalada gumu, zuri. Haya, nimepokea.

Basi daftari lijue mwenyewe wake ni nani. Mimi ni dobi. Uchochoro wetu wote huku bondeni ni wa madobi. Tunafua pamoja kwenye mabirika ya saruji ya kule chini, tunaanika kwenye kamba zinazotoka ukuta wangu, zinavuka uchochoro, hadi ukuta wa Mzee Pasi, dobi mwenzangu wa ng'ambo. Sheria yetu ni moja tu: tone la kwanza likianguka, aliye karibu na kamba anaanua, nguo ziwe zake zisiwe zake. Kuchambua ni baadaye. Kila dobi ana uzi wa rangi yake ndani ya kola. Wangu mwekundu.

"Unaandika nini?" Mama mkwe huyo, kutoka chumbani kwake.

"Hesabu, Mama."

"Hesabu gani inakuchekesha?"

Ana masikio ya paka. Miguu ndiyo imemgomea, masikio bado kabisa.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua ya kwanza. Maji yamefika kizingitini yakasimama, kama mgeni anayesubiri kukaribishwa.

Nieleze kidogo, maana hili ndilo linaloninyima usingizi. Mtaro mkubwa unateremka kutoka mlimani, unapita kwenye nyumba zao nzuri, halafu ukifika juu ya uchochoro wetu unakatika. Basi. Wamejenga mpaka hapo wakaenda kula. Kila masika maji yote ya mlimani yanatuingilia vyumbani. Chumba cha Mama mkwe ndicho cha chini kuliko vyote. Mwaka jana tulimpandisha juu ya meza, akakaa pale mchana kutwa, maji yakizunguka miguu ya meza, akitutukana ili asilie.

Mume wangu amesema na hatarudia: uchaguzi wa diwani ni Mei. Dada yake, huyu huyu wifi mkunga, anagombea, na neno lake ni moja: mtaro ufike mtoni. Akishinda, Mama anabaki. Akishindwa, masika haya ndiyo ya mwisho, Mama atapelekwa kwa binti yake mkubwa, safari ya siku nzima kwa basi. Mama mkwe alisikia yote. Alisema, "Mimi si godoro la kuhamishwa." Kisha akageukia ukuta.

Mara ya mwisho wifi alishindwa kwa kura chache mno. Tangu hapo huku bondeni tumeongezeka. Safari hii tuna watu. Safari hii hakuna wa kutuzuia.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Mashati hayakauki. Mama mkwe amesema wanga wangu wa kukazia kola mwepesi kama uji wa mgonjwa. Sikumjibu. Nilitaka sana.

Jumatatu, 24 Machi

Leo nimeona kituko.

Bwana mmoja amepita uchochoroni, viatu vyake visafi huku bondeni, masika! Ana ramani kwapani na kopo la rangi nyeupe. Anapiga alama kwenye ukuta wa Mzee Pasi, anarudi nyuma, anaangalia ramani, anapiga nyingine. Madobi hawana subira, ameshapewa jina: Bwana Ramani.

"Shikamoo mama zangu. Msishtuke, ni mipaka mipya ya kata. Tunasawazisha idadi ya watu."

Nikamwambia asawazishe polepole asinidondoshee rangi kwenye shuka za watu. Akacheka. Akanionyesha. Mstari unapita katikati ya uchochoro. Upande wangu tumeunganishwa na mlimani. Upande wa Mzee Pasi umeunganishwa na sokoni. Mabirika na nyumba za nyuma yake zimekwenda kata ya reli, ambayo hata kuiona kutoka hapa huioni.

Mzee Pasi alikuwa na pasi ya mkaa mkononi. Akaiweka chini. "Bwana, hii suruali imefuliwa kata ya reli, inaning'inia nusu kata ya mlimani nusu kata ya sokoni. Itapiga kura wapi?"

Tulicheka sisi sote. Bwana Ramani pia. Halafu akasema, taratibu, kama anayembembeleza mtoto anywe dawa: "Hakuna aliyeondolewa, mzee. Kila mtu ana kura yake palepale. Hakuna kura hata moja iliyopotea."

Mimi, mjinga mimi, nikaridhika. Nikasema moyoni, kama kura zote zipo, shida iko wapi? Nikarudi ndani nikamsimulia Mama mkwe kama kichekesho. Hakucheka. Aliwahi kuwa fundi cherehani miaka na miaka, mpaka macho yalipomsumbua.

"Kitambaa kilikuwa kinatosha gauni?" akaniuliza.

"Kitambaa gani, Mama?"

"Sisi. Tulikuwa tunatosha gauni. Sasa amekikata vipande vitatu, akawagawia watu watatu. Niambie, mkaza mwana, nani atavaa gauni hapo?"

Nikaweka kapu la nguo chini.

"Hakuna. Kila mmoja atatushonea kiraka penye tundu lake. Na kiraka hakimwambii mtu avae nini."

Nilikaa kwenye kitanda chake. Sijawahi kukaa pale bila kuitwa. Nilihisi kama mtu amenichomolea mkoba mbele ya macho yangu, na mimi namwambia asante.

Jumatano, 2 Aprili

Tumekwenda kupinga. Mimi, wifi, Mzee Pasi, na wengine wa mabirikani. Ofisi iko mlimani, tumepanda kwa miguu na matope yetu, karani akatuangalia miguu kabla ya nyuso.

"Muda wa kupinga umekwisha."

Wifi akauliza kwa upole wake wa kliniki ulianza lini. Karani akasema tangazo lilibandikwa.

"Lilibandikwa wapi?" mimi huyo.

"Hapa ofisini."

"Hapa wapi? Nje sioni kitu."

"Ndani, mama. Kwenye ubao wa ndani, ule pale."

"Kwa hiyo mtu wa bondeni alitakiwa aote ndoto kwamba kuna karatasi mlimani, ndani ya chumba, nyuma ya mlango, apande aje aisome?"

"Mlango ulikuwa wazi saa za kazi."

Nikapandwa. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, daftari hili bado jipya. Wifi alinishika mkono akanitoa nje. Nje nikamgeukia yeye: "Na wewe umenyamaza! Unagombea nini kama hujui kusema?"

Alikaa kwenye ngazi, akavua kiatu, akamwaga matope. Akakigonga kwenye ngazi, tena na tena, matope yamekwisha bado anakigonga. Siku zote nilimwona ni mtu wa kujidai, anajiona amesoma. Leo nimeona kumbe anajizuia, na kujizuia kwake ni kazi nzito kuliko kelele zangu. Nikamsaidia kuvaa kiatu.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Kizingiti kimezama.

Ijumaa, 11 Aprili

Mheshimiwa diwani, yule aliyemshinda wifi mara ya mwisho, amefanya mkutano mlimani. Amesema mipaka mipya imeletwa ili "watu wa bondeni wapate ukaribu na huduma." Ukaribu! Mzee Pasi kituo chake cha kupigia kura kipo nyuma ya soko, watu wa mabirikani wanakwenda hadi relini, sisi tunapanda mlima. Shule tuliyopigia kura siku zote, ile ya mwisho wa uchochoro, haina hata sanduku.

Na mchana dereva wake ameleta mashati. Ndiyo, kwangu. Mheshimiwa nguo zake nazifua mimi, miaka yote, kwa kuwa huko mlimani hakuna anayejua kunyoosha kola.

"Unaleta nguo kwetu bila haya?" nikamuuliza dereva.

"Mama, mimi natumwa. Mzee anasema siasa ni siasa, nguo ni nguo."

Nimezifua. Nimezifua vizuri pia, kwa sababu kazi ni yangu. Lakini nilisugua kwa nguvu.

Alhamisi, 17 Aprili

Mume wangu, mtu wa "tungoje tuone", mtu ambaye nyumba ikiungua atauliza kwanza kama moshi ni wetu, kumbe kila jioni akitoka kazini anapanda mlimani, nyumba kwa nyumba, kumwombea dada yake kura. Hakuniambia. Nimesikia kwa mteja.

Nikamuuliza wanasemaje huko. Akavua shati lililolowa. "Si watu wabaya. Mama mmoja amenikaribisha kiti. Nikamweleza habari za mtaro. Akasema, mtaro gani? Mbona kwetu maji hayakai?"

Ndiyo hivyo. Maji hayakai kwao kwa sababu yanakuja kukaa kwetu. Na hao ndio wameambiwa watuamulie.

Jumamosi, 26 Aprili

Mama mkwe amefundisha nusu ya uchochoro jinsi ya kuangalia jina lako liko kituo gani, akiwa kitandani. Wanaingia mmoja mmoja kama kwa daktari. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: yule mama angekuwa na miguu, Mheshimiwa angekuwa anauza njugu.

Leo kasema wanga wangu umeanza kushika.

Jumapili, 11 Mei

Uchaguzi. Nimechoka mpaka kalamu inaniponyoka, lakini nisipoandika leo kesho nitajidanganya.

Asubuhi jua. Jua la kweli, baada ya wiki ya mvua! Dobi gani ataliacha jua kama lile? Kila mtu aliamka akaanika kila kitu alichonacho, kisha ndiyo tukaondoka kwenda kupiga kura. Uchochoro mzima mweupe kwa shuka. Tulipeana mikono pale kwenye alama ya rangi ya Bwana Ramani, Mzee Pasi akashika njia ya sokoni, watu wa mabirikani ya reli, sisi ya mlimani. Watu tuliozoea kwenda pamoja tukicheka tukaachana kama wasafiri stendi.

Mume wangu alimbeba Mama mgongoni. Mlima ule wote. Alipumzika njiani mara nyingi, na Mama kila mara akimwambia, "Nishushe basi nikubebe mimi."

Foleni ilikuwa ndefu hadi barabarani. Watu wa mlimani wamefika mapema, ni kwao. Sisi nyuma. Tumesogea kidogo kidogo mpaka alasiri, hadi naona mlango. Ndipo wingu likaja.

Tone la kwanza lilinigonga hapa mkononi. Na kabla sijasema neno, nikaona madobi wote kwenye foleni wamegeuza shingo kuangalia bondeni. Wote! Unaziona shuka kule chini, nyeupe. Halafu mmoja akatoka mbio. Halafu wa pili. Hakuna aliyefikiri. Tone limeanguka, unaanua, hivyo ndivyo tulivyolelewa.

"Rudini!" nikapiga kelele. "Rudini jamani, acheni zilowe!"

"Nguo za watu!" mmoja akanijibu huku anakimbia.

Miguu yangu mwenyewe ilikuwa imeshageuka. Naapa. Mama mkwe, kutoka mgongoni kwa mwanawe, akanishika kilemba akakivuta. "Wewe simama hapo hapo."

Nikasimama. Mara ya kwanza tangu nijue kazi hii, nimesimama nikaangalia nguo za wateja zikilowa. Nililia, nafikiri, lakini mvua ilikuwa inanificha. Waliokimbia waliporudi, mlango umeshafungwa. Waligonga. Askari akasema saa ni saa.

Nimepiga kura yangu. Mama kapiga yake. Wifi yupo kwenye karatasi, picha yake ile aliyokunja uso.

Jioni Mzee Pasi alikuja kutoka sokoni. Alisimama mlangoni hakai.

"Nimeitafuta picha ya wifi yako," akasema. "Haipo."

"Mzee, si tulikwambia? Kwenu hagombei. Wewe ni kata nyingine sasa."

"Mliniambia. Nilijua. Lakini nilipoifungua ile karatasi nikaitafuta tu. Nikageuza na nyuma. Nyuso zote sizijui." Akajifuta uso. "Nimeikunja nikaitumbukiza tupu. Nimeishi hapa tangu kijana, na leo nimepiga kura ya mgeni."

Jumatatu, 12 Mei

Ameshindwa.

Nilikuwa nimejiandaa kuwalaumu waliokimbia, nilikuwa na maneno ya kutosha wiki nzima. Wifi akakaa na matokeo ya kata zote tatu, akajumlisha, akaniita. Hata wangebaki wote kwenye foleni, mlimani ni wengi mara mbili yetu. Tungeshindwa tu. Sokoni wenzetu wamezidiwa vivyo hivyo, relini vivyo hivyo. Ni kiraka, kiraka, kiraka. Lakini zamani zile, mipaka ile ile ya zamani, sisi sote kwenye sanduku moja?

"Tungeshinda," wifi akasema. "Wala si kwa kubahatisha."

Kwa hiyo si nguo zilizotushinda. Tulishindwa siku ile bwana mwenye viatu visafi alipopita na kopo, sisi tukicheka habari za suruali. Mchezo ulikwisha Machi. Mei tuliitwa kuja kupiga makofi. Na hakuna aliyeiba kitu! Ukienda kushtaki utasema nini? Hakuna kura iliyopotea.

Jumamosi, 17 Mei

Maji yameingia saa ya chakula cha mchana. Safari hii hayakusimama kizingitini kuomba ruhusa. Barabara mpya ya lami waliyojiwekea huko juu inayaharakisha.

Mume wangu alikuwa kazini. Nilimbeba Mama mwenyewe, nikamweka juu ya meza, maji yakaendelea kupanda, nikapanda na mimi. Tukakaa wawili juu ya meza moja, migongo ukutani, tukiangalia sufuria zinavyoelea. Sisi ambao hatukuwahi kupikika chungu kimoja.

"Ungekuwa umeanua nguo siku ile," akasema, "ningekupiga."

"Najua, Mama."

"Wanga wako ulikuwa mzuri tangu zamani. Nilikuwa nasema tu."

Nikamshika mkono. Ulikuwa baridi. Alikohoa mpaka maji yalipoanza kushuka, na baada ya hapo hakuacha kukohoa.

Mume wangu alirudi, akamwangalia, akatoka nje. Nimemsikia akizungumza na dada yake mkubwa kwenye simu. Mama ataondoka Jumapili ya wiki ijayo.

Jumatano, 21 Mei

Kitanda cha Mama kimekauka. Godoro limeharibika.

Ijumaa, 23 Mei

Dereva ameleta koti la Mheshimiwa. La sufu, jeusi, bitana ya hariri. La kuapishwa Jumanne. Linataka kufuliwa kwa mkono, kunyooshwa kwa kitambaa chenye unyevu, si kila mtu anajua.

"Mzee anasema ni wewe tu unayemfaa," dereva akasema. Hakuniangalia usoni. Aliona alama ya maji ukutani, imefika kiunoni.

Nililiweka mezani. Ile meza. Nikachukua mkasi.

"Weka mkasi chini," Mama mkwe akasema.

"Mama, leo usinizuie."

"Nani anakuzuia? Kukata ni kuharibu, na sisi hatuharibu nguo ya mtu. Nipe wembe mdogo, na sogeza taa. Koti lilishonwa. Kilichoshonwa hufumuliwa."

Jumamosi, 24 Mei

Tumefumua siku nzima. Mimi namwelekeza mshono ulipo, vidole vyake vinafanya. Mikono, mgongo, vifua, kola, bitana. Hakuna uzi uliochanika, hakuna kitambaa kilichojeruhiwa. Tumefua kila kipande peke yake, tumekausha, nimepiga pasi. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile. Ndani ya kola uzi wangu mwekundu nimeuacha, ajue kazi ya nani.

Mume wangu aliingia akatukuta. "Watatufungia mabirika," akasema.

"Wafunge," mama yake akajibu. "Maji yanajua njia."

Akavua viatu. Kisha akachukua karatasi ya kufungia, akaanza kutusaidia kukunja.

Jumapili, 25 Mei

Mama ameondoka na basi la asubuhi. Uchochoro mzima ulitoka, pande zote mbili. Aliniambia nimwandikie yatakayotokea Jumatatu, nisiongeze chumvi, na nisipunguze. Nimetandika kitanda chake. Sijui namtandikia nani.

Jumatatu, 26 Mei

Dereva amekuja saa nne. Nilimpa kifurushi kimoja, kimekunjwa vizuri, kimefungwa kwa kamba.

Akakipima mkononi. "Mbona chepesi?"

"Huo ni mgongo. Vingine haviko kata hii. Mikono yote miwili iko kwa Mzee Pasi, vuka hapo, ni kata ya sokoni. Vifua na kola viko mabirikani kwa akina mama, hiyo ni kata ya reli. Bitana tumewagawia wote sawa kwa sawa."

Alifungua. Akaangalia. Sijui kama alitaka kucheka au kukimbia.

"Mama, umelichana koti la Mheshimiwa!"

"Nimechana wapi? Tazama vizuri. Hakuna kilichoondolewa. Hakuna uzi hata mmoja uliopotea. Nimesawazisha."

"Lakini anaapishwa kesho! Atalivaaje?"

"Mwambie alivae kama tulivyopiga kura."

Alisimama pale na mgongo wa koti mikononi. Nilidhani atanifokea. Akauliza tu kwa sauti ya chini, "Yule bibi yuko wapi?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akavuka uchochoro kwenda kwa Mzee Pasi kufuata mikono.

Hakuwahi kufika. Tone limeanguka. Nikatoka mbio. Nguo za Mzee Pasi ndizo zilikuwa karibu yangu, nikaanza kuanua hizo, na nilipogeuka nikamwona dereva, kifurushi kwapani, anaanua zangu.